Yaya wa Mwanangu

Wiki jana niliwaacha nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu wa ile akademi ya Komarock, cheti cha kuzaliwa cha Vivian kikiwa ndani ya Biblia ili kisikunjike. Tangu hapo nimeletewa barua. Mama mmoja wa Makongeni ameniita mjinga. Mama, sikatai. Lakini soma kwanza, maana ujinga wenyewe bado hujauona.

Kwa wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Asenath, mkaaji wa Kaloleni, na hupakia sabuni katika kiwanda kimoja pale Industrial Area. Mume wangu ni Andati, aliyekuwa karani wa reli kabla hawajapunguzwa, kisha akawa kibarua katika kiwanda cha mabati. Vivian ni kifungua mimba wetu. Wadogo zake wawili wako shule ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, hadi leo, na hakuna aliyewahi kuwaiba.

Mambo yalianza mezani kwangu, mwisho wa mwaka wa 1994. Vivian alikuwa amemaliza darasa la tano katika hiyo hiyo shule ya kanjo, na alikuwa wa kwanza.

"Watoto tisini darasani," nilimwambia Andati. "Mwalimu anamwita 'wewe wa dirishani'. Mtoto wa kwanza darasani, na mwalimu hajui jina lake!"

"Mimi nilisoma wapi? Si shule kama hiyo? Na nikaingia reli."

"Uliingia reli enzi za watu kuingia reli."

"Angalau kanjo ni bure."

"Bure gani, baba Vivian? Juzi tumetoa pesa za jengo, na jengo hatulioni. Tukaambiwa tulete dawati. Jumamosi ni tuisheni. Hiyo bure yao tunailipa kidogo kidogo."

"Basi hizo kidogo kidogo ziweke pamoja uone kama zinafika nusu ya akademi. Halafu kule kuna sweta lao, soksi zao, basi lao, sijui kuogelea. Hawa wawili watakula nini? Sweta?"

Mdogo wangu Phelister alikuwa pale akinywa chai. Yeye ni karani wa ofisi katika ile akademi, na mumewe Shiundu ndiye anayeandika watu kazi katika kiwanda cha mabati. Wana nyumba Komarock, wana kapeti, wana kabati la vyombo. Mtoto hawana.

"Watoto wa wafanyakazi wa shule hulipa nusu," akasema. "Nikimwandikisha kama wangu, mtaweza."

"Huo si uongo?" Andati akauliza.

"Uongo wapi, shemeji? Kwetu mtoto wa dada si mtoto wangu? Mimi si mama yake mdogo? Nani atanishika eti nimesema ni wangu?"

Alikuwa amesema kweli. Kwetu ndivyo ilivyo. Hakuna mtu wa kwetu ambaye angeona dhambi hapo, na mimi sikuiona. Nilimwona Vivian ndani ya sweta.

Ikabaki jambo moja tu. Vivian angekaa kwao Komarock siku za shule na kurudi kwetu Jumamosi. Je, mimi nikienda shuleni kumwona, niende kama nani?

Phelister akafikiri. "Watoto wa kule huwaita wasichana wa kazi anti. Akuite anti. Hakuna atakayeuliza zaidi."

Nilicheka, wasomaji wangu. Nilifikiri ni mchezo wa kuigiza.

Tena nilimfundisha mimi mwenyewe, kwa mdomo huu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

"Shuleni mimi ni nani?"

"Mama."

"Hapana. Rudia."

"Anti."

"Tena."

"Anti."

Nikampa andazi.

Siku ya wazazi nilibeba kikapu cha chakula nyuma ya Phelister. Yeye alivaa suti, mimi nikavaa kanga juu ya gauni ili nifanane na kazi yangu. Vivian alipotajwa wa kwanza darasa la sita, mzazi akaitwa mbele kupokea zawadi. Phelister akapanda jukwaani na kupeana mikono na mkurugenzi. Mimi nilipiga makofi sahani zikiwa mapajani.

Baadaye rafiki mmoja wa Vivian, Maurine, akaja kula nasi.

"Viv, huyu mboch wenu anajua kupika chapo, wacha tu!"

Mboch kwa lugha yao ni msichana wa kazi. Vivian akacheka. Mimi pia nikacheka, nikamwongezea Maurine chapati ya pili. Nilikwenda msalani nikalia, kisha nikarudi kuosha sahani. Miaka miwili niliishi hivyo. Nilijiambia kwamba machozi yangu ni sehemu ya karo.

Sasa tufike kwenye ile benchi.

Ilikuwa Februari, Vivian akiwa darasa la nane. Watahiniwa walitakiwa kuandikishwa kwa mtihani wa taifa, na shule ilitaka cheti cha kuzaliwa. Phelister aliniambia, "Usijisumbue, dada, nimeshamaliza." Hilo neno "nimeshamaliza" lilinikosesha usingizi. Ameshamaliza vipi, na cheti cha mtoto kiko chini ya godoro langu?

Karo ni kitu kimoja, jambo la kupita. Lakini jina linaloandikwa kwenye mtihani halipiti. Ndilo litakalokwenda sekondari, chuoni, kazini, hadi kwenye cheti chake cha ndoa. Nilitaka mwanangu aandikwe Vivian Andati. Nilikuwa tayari kumwambia mwalimu mkuu ukweli wote na kukubali kukatwa nusu ya mshahara hadi nimalize deni. Niliomba ruhusa kazini nikaja.

Mlango ukafunguka. Mwalimu mkuu mwenyewe, Matheka, mtu mpole, miwani puani.

"Anti Asena! Mama Vivian amekutuma?"

"Mwalimu," nikasema, "mama Vivian ni mimi."

Akacheka. Kisha akanitazama usoni na kicheko kikaisha. Nadhani hakuwahi kunitazama usoni kabla ya siku hiyo. Mbona tunafanana, mimi na mtoto, hata kidevu!

Nilikaa, nikatoa cheti kwenye Biblia, nikamweleza yote: kanjo, nusu karo, kikapu, anti. Alisikiliza bila kunikata. Nilipomaliza aliinuka. Alifungua kabati, akatoa faili, akaweka karatasi nyingine kando ya yangu.

Ilikuwa cheti cha kuzaliwa. Kipya, kina muhuri. Jina la mtoto, Vivian Shiundu. Jina la baba, Shiundu. Jina la mama, Phelister. Kimetolewa Novemba, mwaka jana.

"Hiki ni cha kughushi!" nikasema.

"Si cha kughushi, mama. Nilikituma kikaguliwe. Kimetoka ofisi ya serikali."

"Kwa ushahidi gani?"

Akageuza ukurasa. Ilikuwa barua ya kuandikisha mtoto aliyechelewa kuandikishwa. Ilisema Vivian alizaliwa nyumbani, kijijini kwa kina Shiundu, mikononi mwa wakunga, ndiyo maana hakuwa na karatasi. Mimi nilimzalia hospitali ya Pumwani, saa kumi na nne za uchungu, nikashonwa. Niliendelea kusoma. Chini kulikuwa na nafasi ya shahidi, na shahidi alikuwa ametia sahihi.

Naijua sahihi hiyo. Iko kwenye kitabu chetu cha kodi ya nyumba na kwenye barua alizonitumia kabla hatujaoana. Shahidi wa kwamba sikumzaa mwanangu alikuwa Andati, mume wangu.

Sikulia. Nilimwambia mwalimu Matheka, kwa sauti ambayo sikuijua, "Niitie karani wako."

Phelister akaingia akitabasamu, daftari kifuani. Akaona vyeti viwili mezani. Tabasamu likabaki pale pale kama limesahauliwa.

"Umefanya nini, Phelister?"

"Nimefanya tulichokubaliana, dada."

"Tulikubaliana nusu karo!"

"Na nusu karo ingefichwaje? Ningeleta cheti chako hapa, mwalimu angejua nimedanganya miaka miwili. Mimi ningefutwa kazi, Vivian angefukuzwa kabla ya mtihani. Ulitaka hivyo?"

"Ungeniambia!"

"Ungekubali?"

Alijua jibu kama mimi. Mwalimu Matheka alikuwa amevua miwani, akiifuta bila haja.

Phelister akaweka daftari chini. Sauti yake ikashuka.

"Nimeolewa miaka tisa, Asenath. Kila Krismasi mama mkwe ananipa chai huku ananitazama tumbo. Wewe unao watatu. Krismasi iliyopita, uliponipa Vivian niende naye mashambani..."

"Nilikupa atembee!"

"Nilimpeleka kwa mama mkwe. Nikamwambia, mjukuu wako huyu hapa, tulimzaa kabla hatujaoana, alikuwa kwa dada yangu Nairobi akilelewa. Wakachinja kondoo. Mzee wao akampa jina. Wamempenda, dada. Sasa nirudi niwaambie nini?"

Niliinuka. Wallahi kama si ile meza ningemshika nywele. Huyu ndiye niliyembeba mgongoni nikiwa na miaka saba. Mimi ndiye niliyeacha shule darasa la sita ili yeye amalize, kwa sababu karo ilitosha mmoja. Ndiyo, hata kwetu tuliwahi kupima nani asome na nani abaki, na mimi nikabaki.

"Na mume wangu? Ulimpa nini?"

"Usiniulize mimi. Muulize aliandikwa kazi vipi. Vibarua pale kiwandani kwa Shiundu ni wangapi? Aliyepewa kazi ya kudumu Novemba ni nani?"

Nikaketi tena.

Nakumbuka hiyo Novemba. Andati alikuja nyumbani na nyama, akasema, "Mama Vivian, Mungu amefungua mlango." Tulipiga magoti sote sakafuni. Jumapili yake nilisimama kanisani mbele ya watu wote, nikatoa ushuhuda kwamba Bwana amemtoa mume wangu kwenye kibarua. Mchungaji akasema haleluya. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa kuuzwa kwa mtoto wangu, na muuzaji alikuwa kando yangu akiitikia amina.

Mwanamume aliyeuliza mezani, "Huo si uongo?"

"Akina mama," mwalimu Matheka akasema, "fomu hizi zinaenda ofisi ya elimu saa sita. Sasa ni saa tano na robo."

"Andika ukweli, mwalimu," nikasema. "Andika Vivian Andati."

Akashusha pumzi. "Nikiandika hivyo, basi karo ya miaka miwili ililipwa kwa udanganyifu. Mkurugenzi wetu hatamwacha mtoto hapa hata wiki moja. Mimi namjua. Na shule za kanjo za upande wenu zimepeleka fomu zao tangu Ijumaa. Nilimtafutia mtoto mwingine nafasi jana, nikakosa."

"Yaani hatafanya mtihani?"

"Mwaka huu, hapana. Na nikiandika Shiundu, atafanya. Lakini atakuwa Shiundu." Akatazama vyeti. "Vyote viwili vina muhuri. Mimi si hakimu. Nadhani mtoto aulizwe."

"Aulizwe!" nikasema mara moja. Niliona ni ushindi. Mtoto wangu angeingia, aniite mama, na mchezo uishe. Phelister akainamisha kichwa, na nikafurahia kumwona hivyo.

Vivian akaletwa kutoka darasani. Amerefuka, wasomaji wangu. Sweta la kijani, tai imekazwa, kalamu imesahauliwa nyuma ya sikio. Akatuona sote, akaona mezani, akasimama mlangoni.

"Karibu ndani," mwalimu akasema. "Usiogope."

"Vivian," nikasema, "mwambie mwalimu mimi ni nani."

Akatazama viatu vyake.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," Phelister akasema.

"Usimwite mwanangu!"

"Akina mama!" Mwalimu Matheka akapiga meza kwa kiganja. Kisha, polepole: "Vivian, ulijua kuhusu hiki cheti kipya?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Mimi ndiye niliyeomba."

Phelister akafunga macho. Hapo nikajua si maneno ya kufundishwa.

"Uliomba nini, Vivian?" nikamuuliza.

"Niandikwe kwa mama mdogo."

"Kwa sababu ya nyumba yao? Kwa sababu ya kapeti? Kwa sababu mimi nanuka sabuni?"

"Hapana, mama."

Mama. Ndani ya shule ile, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Nilikuwa nimelingojea neno hilo miaka miwili, na likaja siku hiyo.

"Ulinifundisha niseme wewe ni anti," akasema. "Nimesema kwa mwalimu wa darasa. Nimesema kwa Maurine. Nimesema kwa kila mtu. Maurine alipokuita mboch nilicheka, kisha usiku nikashindwa kulala. Ukija naogopa nitakosea nikuite mama. Ukienda naona haya kwamba sikukosea. Nimechoka kudanganya, mama. Nikaona afadhali iwe kweli."

Niseme nilichohisi, maana nilianza kuandika hapa nikiahidi kutoficha. Nilimkasirikia. Kwa dakika nzima nilimchukia mtoto wa tumbo langu kuliko Phelister, kuliko Andati. Wale walinisaliti kwa faida yao. Huyu alinisaliti kwa sababu alinitii. Na baada ya hiyo dakika sikuona wa kumchukia mwingine ila mimi.

"Baba alijua ni wewe uliyeomba?" nikauliza.

"Alijua. Alisema usiambiwe, utaumia."

Hakuna aliyetaka kuniumiza. Wote walikuwa wananihurumia, huku wananifuta kwenye karatasi.

Mwalimu Matheka alitazama saa ya ukutani. Akachukua fomu ya mtihani, ikiwa imejazwa yote isipokuwa jina la mtoto na sahihi, akaisukuma hadi katikati ya meza. Akaweka kalamu juu yake.

"Mzazi aandike na atie sahihi," akasema. "Sitauliza tena mzazi ni nani."

Phelister akanyoosha mkono. Mimi nilikuwa mwepesi zaidi. Mikono inayofunga sabuni kwa mashine haichelewi. Nikaikamata kalamu, nikaivuta fomu upande wangu, nikatafuta ule mstari.

"Dada, nakuomba," Phelister akasema. Alikuwa amepiga magoti, suti na yote, sakafuni mwa ofisi anayofanyia kazi. "Nikuombe vipi?"

Sikumtazama. Nikaandika V. Nikaandika Vivian yote. Herufi zilisomeka. Nikafika mahali pa jina la ukoo.

Vivian akaja kando yangu. Akanishika kifundo cha mkono. Hakunivuta wala hakunibana. Alikishika kama alivyokuwa akinishika tukivuka barabara ya Jogoo alipokuwa mdogo.

"Mama," akaniuliza, na alikuwa anauliza kweli, anataka jibu, "ukitia sahihi wewe, Jumatatu nitasoma wapi?"